Karatasi ya MRI ilinilaza miezi mitatu

Ile bahasha mpaka leo iko juu ya kabati, hapa Newala, bahasha kubwa ya kaki ndani ina picha nyeusi mbili na karatasi moja ya majibu. Naandika kuhusu hiyo karatasi kwa sababu huku kwetu wapo wengi wana bahasha kama yangu na hawajui imeandikwa nini, wanachojua tu mgongo umeharibika basi.

Mgongo wangu ulianza kuuma 2019 msimu wa kupuliza dawa ya mikorosho. Wakulima wa korosho mnaelewa, mwezi wa sita mpaka wa nane mashine ya salfa iko mgongoni, injini inakutetemesha kiuno, unainama unaingia chini ya mkorosho huu unatokea ule, na mi ni mwalimu kwa hiyo napuliza alfajiri afu nakimbilia kipindi cha kwanza. Maumivu yakawa yanakuja yanaondoka, baadae yakakaa moja kwa moja. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likakataa, nimechuliwa, nimefungwa majani. Mwishowe nikachukua hela ya mnada wa kwanza nikapanda basi kwenda Dar kupiga MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, na tulipofika Nangurukuru watu wameshuka kula mi nimeshika mlango wa basi siwezi kunyooka.

Majibu nikapewa dirishani. Aliyenikabidhi akapitisha macho akasema ndugu yangu pingili zimesagika, diski mbili zimetoka, usibebe kitu tena. Hata dakika haikufika, nyuma yangu kuna foleni. Hiyo sentensi ndo nimerudi nayo nyumbani na ndo iliyonilaza.

Miezi mitatu siinami, nimefunga mkanda wa kushikilia mgongo kutwa, shuleni nafundisha nimekaa, maji anabeba mke wangu peke yake na maji ya Newala mnayajua yalivyo ya shida. Mjomba akaja akaniambia njomba shamba wape vibarua, wewe kwa sasa ni mgonjwa. Na maumivu badala ya kupungua yakazidi, nikawa naogopa hata kupiga chafya, nikiwaza ile diski itachomoka kabisa nipooze.

Aliyenitoa hapo ni dokta mmoja kijana huku huku kusini. Nimeingia nimeshatanguliza bahasha, akaiweka pembeni, akaniuliza mwalimu maumivu yanashuka mpaka wapi? Nikamwambia yanaishia kiunoni, siku mbaya yanafika kwenye tako. Hayavuki goti? Hayavuki. Akanitembeza kwa vidole, akanitembeza kwa visigino, akagonga goti na nyuma ya kifundo kwa kinyundo, akanilaza akainua mguu umenyooka mmoja mmoja. Ndo akachukua picha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, maana umeme ulikuwa umekatika, akaniita nikasimama karibu yake.

Kiuno kina pingili tano, zinahesabiwa kutoka juu, L1 mpaka L5, chini yake kuna S1 ambayo ni sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga kwa nyuma. Ukiona L4/L5 maana yake ni ile diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano, na hizo mbili za chini, L4/L5 na L5/S1, ndo zinazobeba mzigo mkubwa na ndo zinazoandikwa karibu kwenye kila karatasi. Diski ina ute katikati na ukuta mgumu kuizunguka. Yenye maji mengi picha inaionyesha nyeupe, iliyokauka inaonekana nyeusi, na zangu mbili za chini ni nyeusi. Hiyo ndo karatasi inaita desikesheni. Akaniambia fikiria dafu, likikaa mtini likakomaa maji yanapungua, hakuna aliyelivunja. Diski ikituna kidogo pande zote wanaita balji, ikitokeza upande mmoja ni protrusheni, ute ukipasua ukuta ukatoka nje ni ekstrusheni, na hata huo uliotoka mara nyingi mwili wenyewe unaufyonza polepole.

Kisha akanipa hesabu ambayo natamani ningepewa pale dirishani. Mwaka 1994 Marekani walipiga MRI watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, asilimia 52 wakakutwa na balji, asilimia 27 protrusheni. Mwaka 2015 zikakusanywa tafiti za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote, wenye miaka 40 kati yao asilimia 68 diski zao zimechakaa, wa miaka 80 asilimia 96. Mi nina 43! Yaani ukimpiga picha mjomba wangu ambaye bado anapanda mnazi, karatasi yake pengine itatisha kuliko yangu.

Sasa picha inakuwa na maana ikikubaliana na mwili. Diski ya L5/S1 ikibana mshipa wa fahamu wa S1, maumivu yanashuka nyuma ya paja, kwenye ndama, mpaka ukingo wa nje wa unyayo, na kusimama kwa vidole kunakuwa kazi. Ukibanwa wa L5, ganzi inakaa juu ya unyayo kuelekea dole gumba na kutembea kwa visigino kunashindikana. Mi nilitembea vyote. Karatasi ilisema diski imegusa mfuko wa mishipa, na mguu ukasema mishipa iko salama. Akanivua mkanda siku ile ile, akaniandikia mazoezi na kutembea kila siku. Wiki mbili za kwanza ziliuma sana sitaki kudanganya mtu. Mwezi wa tatu tangu nianze mazoezi nilibeba ndoo. Msimu huu nimepuliza, ila nusu tangi na napumzika kila baada ya mistari mitatu.

Juzi jirani yangu, mama mtu mzima, kaja na bahasha yake nimsomee. Nikamuuliza kwanza kama nilivyoulizwa, mama inauma wapi, usiku inakuwaje? Akasema usiku ndo balaa, jasho na homa, na kanga zinamvuka kwa kukonda, mguu wa kulia unaburuta. Bahasha sikuifungua. Hapo tunazungumzia vitu vingine kabisa, inaweza kuwa hata TB ya uti wa mgongo, na angeniambia mkojo umeziba au unatoka wenyewe, au ganzi imekaa sehemu za siri, ningemuitia bajaji usiku ule ule. Hela ya nauli alikuwa anasubiri mwanae atume, nimemwambia asisubiri. Kesho saa kumi na mbili asubuhi natoka naye kwenda hospitali, kipindi changu cha kwanza mwalimu mwenzangu amekubali kukishika.