Mkate wa Kumimina na Mwezi Uliochelewa

Mchele wa mkate wa kumimina hurowekwa mapema, usiku mzima au mchana kutwa, na hapo ndipo taabu ya Idi el Fitri inapoanza. Siku ya 29 ya Ramadhani hakuna anayejua kama kesho ni sikukuu au ni kufunga siku ya 30. Mwaka ninaoukumbuka, nyumbani kwa bibi yangu Unguja, mchele ulikuwa majini tangu asubuhi, nazi zimeshakunwa, na hadi baada ya Isha redio ilikuwa haijatangaza kitu.

Bibi hakuonekana kuwa na wasiwasi. Mchele uliorowekwa unaweza kungoja, mradi maji yabadilishwe kila baada ya saa chache. Yakiachwa yaleyale katika joto la pwani huanza kuchacha, na harufu ile haiondoki hata ukizidisha hiliki. Tui nalo linangoja kidogo, na likiwekwa kwenye jokofu hufika kesho yake. Kisichongoja ni hamira.

"Bibi, si tuiumue sasa hivi, tangazo likija tuchome tu?"

"La, mwanangu. Ikiumuka kabla ya wakati itashuka, na mimi sina mchele mwengine."

Basi tukafanya kila kilichoweza kufanyika bila hamira, na sehemu kubwa ya uzuri wa mkate ule ilitoka katika kazi ya saa zile za kungoja.

Kipimo chake kwa mkate mmoja kilikuwa vikombe 2 vya mchele mkavu, kikombe 1 na nusu cha tui zito, robo tatu ya kikombe ya sukari, kijiko 1 cha chai cha hamira ya chenga, nusu kijiko cha hiliki iliyotwangwa, chumvi ya kubana kwa vidole, na ute wa yai 1. Mchele ni wa punje ndefu, usionata. Usiku ule ilikuwa mikate mitatu, kwa hiyo kila kitu mara tatu. Tui lilikuwa la mkamuo wa kwanza tu. Machicha yalikamuliwa tena kwa maji zaidi, lakini tui hilo la pili lilikwenda kwenye mchuzi. Ukilitia kwenye mkate unapunguza mafuta ya nazi, na mkate unatoka mkavu, unaomomonyoka ukikatwa.

Mchele aliumwaga kwenye chungio akauacha hadi maji yakaacha kudondoka. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowaharibia kipimo: maji yanayobaki kati ya punje huongezeka kwenye tui bila wewe kujua, rojo linakuwa jepesi, nawe unaanza kutia unga wa ngano ili kulirekebisha. Ukifika huko, mkate wa mchele umeshaukosa.

Kisha kusaga. Tulisaga kwa blenda, mafungu madogo madogo, mchele na tui pamoja, na baada ya kila fungu Bibi alichukua tone akalisugua baina ya kidole gumba na cha shahada. Akihisi chenga hata kidogo, linarudi. Mkono wangu ulichoka kubonyeza mfuniko, lakini sababu yake ni ya kweli kabisa. Unga wa ngano una glutini, inayovutika na kushika hewa ya hamira. Mchele hauna. Kinachoshika mapovu hapa ni wanga laini uliosambaa ndani ya tui, pamoja na ute wa yai. Chenga hazielei, huzama polepole wakati rojo linaumuka, na mkate ukiiva unakuta chini kuna tabaka jeupe, gumu, lililoshikana, na juu yake sehemu laini peke yake. Watu huulaumu moto kwa kosa hilo, nao moto hauna hatia.

Rojo likawa na uzito wa uji mzito wa kunywa. Likafunikwa. Tukakaa.

Tangazo lilikuja usiku umeshakwenda sana: mwezi umeandama. Nje watoto walipiga kelele, na Bibi akainuka moja kwa moja kwenda kwenye hamira.

Hapo nikaona alivyopanga kazi. Sufuria nzuri ya mkate ilikuwa moja, na seredani, yaani jiko la makaa, ya kuchomea moja. Mkate mmoja hukaa motoni karibu nusu saa, ukiongeza na muda wa kuupakua na kuiandaa sufuria upya. Lau angetia hamira kwenye rojo lote kwa mpigo, mkate wa tatu ungengoja zaidi ya saa nzima baada ya kuwa tayari, uchachuke na kushuka. Kwa hiyo aligawa rojo kwenye mabakuli matatu. La kwanza lilipata hamira palepale, la pili baada ya dakika 40 hivi, na la tatu baada ya muda kama huo tena. Kwa jikoni lenye chombo kimoja, sijaona mpango bora kuliko huu.

Hamira aliikoroga kwanza na tui vuguvugu kidogo na kijiko kimoja cha sukari. Vuguvugu maana yake kidole kinakaa ndani bila kuumia. Joto likikaribia nyuzi 55 hamira huanza kufa, na ikishakufa hakuna kusubiri kutakakoifufua. Ilipotoa povu ndipo ikaingia kwenye bakuli. Sukari iliyobaki haikutiwa bado. Sukari nyingi huvuta maji na kuilegeza hamira, na tena hulifanya rojo kuwa jepesi, kwa hivyo yeye aliitia mwishoni, rojo likishaumuka.

Bakuli la kwanza lilijaa mapovu ndani ya dakika kama 45. Dalili aliyoitazama ni mapovu madogo yaliyoenea juu kote na harufu tamu kidogo ya uchachu. Mapovu makubwa yanayopasuka, na kitovu kilichoanza kubonyea, ni dalili kwamba umechelewa. Akatia sukari, hiliki, chumvi na ute wa yai uliopigwa kidogo tu, akakoroga taratibu kwa upawa kutoka chini, akaacha lipumue dakika 10. Kiini cha yai hakuingiza. Huupa mkate uzito na rangi ya njano, na mkate huu unatakiwa uwe mweupe ndani.

Sufuria ilipakwa samli na kuwekwa motoni peke yake kwanza. Rojo likimiminwa lazima lisikike likikaangika pembeni. Chini panaposhikwa na moto mara moja, wanga huganda, na hewa iliyo ndani hupanda ikitafuta njia. Hayo ndiyo matundu marefu ambayo kila mtu huyatazama mkate unapokatwa. Kwenye sufuria baridi hewa hupotea kabla wanga haujashika.

Kisha moto ukapunguzwa, makaa machache tu yakabaki chini. Baada ya dakika 10 hivi uso ulitoboka matundu na kingo zikaanza kukauka. Ndipo ukafunikwa kwa bati na kupaliwa makaa juu, mengi kuliko ya chini. Hapa ndipo mikate mingi huungua, kwa mtu kusahau kwamba sasa kazi iko juu. Mwenye oveni hahangaiki na haya: nyuzi 180, dakika 30 hadi 35, sufuria ikiwa imepashwa kabla. Ladha ya makaa, lakini, siifananishi na kitu.

Njiti ya ukuti ilichomwa katikati ikatoka kavu. Mkate ukatolewa, ukaachwa upoe kabisa, maana wanga wa mchele ukiwa moto hunata kwenye kisu na matundu yote hujifunga.

Wa tatu uliiva alfajiri ikikaribia, na ndio uliotoka bora. Bibi alisema ni kwa sababu rojo lake lilikaa muda mrefu zaidi bila hamira, mchele ukanywa tui sawasawa. Nakubaliana naye: tangu hapo huliacha rojo lililosagwa angalau saa 2 kabla ya kulitia hamira, hata kama mwezi umetangazwa mapema.

Vipande vilivyobaki tulivifunika kwa kitambaa, si kwenye jokofu. Baridi huukakamaza wanga wa mchele, na mkate hugeuka mgumu kwa usiku mmoja. Ukiwa umeshakakamaa, weka vipande juu ya mvuke dakika 5, vitalainika tena, na vinywewe chai hapohapo kabla havijapoa.