Siku moja mezani kwa 114, Dodoma

Saa 11:20 alfajiri

Upepo wa Julai hapa Dodoma hauna adabu. Nimevaa sweta juu ya sare, kitenge juu ya sweta, na bado kwenye bodaboda kutoka Nkuhungu meno yananigongana. Kwa wengine upepo huu ni vumbi na mafua. Kwangu ni kazi: majani yamekauka tangu Mei, na mtu akichoma taka nyuma ya nyumba, cheche hazimsubiri amalize kufagia.

Mimi ni koplo wa Zimamoto na Uokoaji. Sizimi moto tena, goti liligoma miaka 3 iliyopita. Siku hizi napokea simu za 114, namba yetu ya dharura.

Saa 1:00 asubuhi

Paredi, kisha makabidhiano. Aliyelala zamu ananisomea daftari la matukio: usiku ulikuwa mtulivu. Tunajaribu redio za upepo moja moja. Nje madereva wanapima maji na kuwasha pampu. Chai, chapati 2, kiti.

Saa 2:10

Simu ya kwanza ni ya mtoto. Ya pili pia. Kupiga 114 hakulipiwi, na mzazi akimpa mtoto simu ili anyamaze, mtoto ataipata tu namba inayopokelewa hata bila salio. Nimejifunza kutogomba. Namuuliza, "Mama yupo? Mpe simu," anakata mwenyewe.

Wapo pia watu wazima waliopotea njia. Huyu kaibiwa pikipiki, namwelekeza polisi, 112. Yule mke wake kashikwa na uchungu na hana usafiri, namwambia apige 115 sasa hivi. Ni namba ya m-mama, ule mpango wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga uliozinduliwa kitaifa hapa hapa Dodoma Aprili 2022. Hata dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa hutumwa pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali, na hulipwa kwa simu. Huo mpango nauonea wivu kidogo. Mimi siwezi kumtuma mwenye bajaji akazime moto.

Saa 4:35

"Faya? Njooni, tunaungua!"

"Dada, uko wapi?"

"Nzuguni!"

"Nzuguni ipi?"

"Hapa ukivuka korongo, kwa mama muuza mkaa, kuna mti mkubwa!"

Nzuguni nzima ina makorongo, wauza mkaa na miti mikubwa. Mwaka wangu wa kwanza mezani nililipeleka gari kwenye mtaa usio wenyewe kwa sababu majina yalifanana na mimi sikuuliza mara ya pili. Jiko la watu likaisha. Kosa lile lilikuwa langu, na tangu siku hiyo swali langu la pili ni moja tu.

"Dada, mlangoni kuna kibao cha namba ya nyumba?"

"Kibao gani tena, afande! Tunaungua!"

"Kile cha wakati wa sensa."

Kimya. Halafu nikamsikia akimfokea mtoto akasome. Mtoto akaja kwenye simu na kusoma jina la barabara, kisha tarakimu moja moja, polepole, kama yuko mbele ya mwalimu. Nikaingiza kwenye ramani ya NaPA, mfumo wa kitaifa wa anwani za makazi, na nyumba ikatokea. Nikampa dereva kwa redio, naye alikuwa ameshawasha injini.

Watu wanapozungumzia teknolojia ya uokoaji hutaja droni na magari yenye ngazi ndefu. Sikatai, yaje. Ila kifaa ambacho serikali imenipa na nakitumia kila siku ni kile kibao kidogo. Operesheni ya anwani za makazi ilipita 2022 kabla ya sensa ya Agosti 23, wenyeviti wa mitaa na vijana wakizunguka nyumba kwa nyumba: jina la barabara, namba ya nyumba, postikodi, ambayo kwa mkoa wetu huanza na 41. Wengi waliona ni mapambo, au maandalizi ya kodi. Kwangu ni tofauti kati ya "ukivuka korongo" na nukta kwenye ramani.

Gari likiwa njiani, mimi na yule dada tuliendelea. Ulikuwa mtungi wa gesi, moto umeshika kwenye mpira na kupanda pazia. Wote watoke nje. Asiguse swichi ya taa, awe anawasha au anazima. Asirudi kufunga mtungi kama moto umezingira koki. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo watoto wasichuchumae karibu na mlango. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, jambo jema, macho ya mama yangu yaliharibiwa na moshi wa kuni. Lakini anayenunua mtungi leo afundishwe pia mpira unavyochakaa.

Dakika 14. Redio ikasema: "Tumefika. Hakuna majeruhi." Pazia na kabati vimekwenda.

Saa 7:15 mchana

Ugali na mlenda. Afande wa zamani, aliyeanza wakati zimamoto ikiwa bado chini ya halmashauri, kabla ya sheria ya 2007 kutuleta pamoja, ananicheka na kompyuta yangu. Yeye alikuwa na ramani ya ukutani na pini. "Umeme ukikatika, pini haizimiki," anasema. Namwambia Dodoma ya pini zake iliishia Area D. Anakubali, kwa shingo upande.

Saa 9:40

Mzee kutoka upande wa Hombolo. Akanisalimia kwanza kwa Kigogo, bila haraka, nikaitikia. Ndipo akaniambia ndama katumbukia kisimani na mjukuu wake kashuka kumfuata.

"Babu, kuna mwingine anataka kushuka?"

"Baba yake, anavua shati."

"Mzuie! Kwa heshima yote, babu, mshike mkono!"

Hewa ya chini kisimani inaweza kumlegeza mtu kabla hajajua kinachompata, na ndivyo shimo moja linavyomeza watu 2 au 3 wa nyumba moja. Nikamwambia wateremshe kamba yenye kitanzi, kijana ajivishe kwapani, wavute wote. Kisima kiko porini, hakina kibao. Hapa ramani ilinipa bluu ya bwawa na rangi ya udongo, basi. Aliyeniokoa ni mwenyekiti wa mtaa: nilimpigia, akasimama barabarani na pikipiki yake kulisubiri gari na kulitangulia.

Kijana walimtoa wenyewe kabla gari halijafika, anakohoa lakini anaongea. Ndama walimtoa wenzangu. Mzee alipiga tena 114 kunishukuru, na hata mimi ninayewagombeza wanaochezea namba hii nilimwacha aongee mpaka amalize.

Hao wote sijawahi kuwaona hata mmoja. Nawajua kwa sauti.

Saa 12:00 jioni

Taka 3, nyuki 1 kwenye dari ya shule, watoto sikuhesabu. Nakabidhi.

Saa 1:10 usiku

Nafika nyumbani, natafuta ufunguo, na kwa mazoea ya siku nzima macho yanakwenda juu ya mlango. Hakuna namba. Ndipo nikakumbuka: baba mwenye nyumba alipaka ukuta rangi mwezi uliopita, kibao kiking'olewa kipishe brashi. Nimeupita mlango huo wiki 4 nzima kila siku. Nilikikuta stoo, chini ya kopo la rangi.

Nilikuwa juu ya stuli na nyundo, tochi ya simu mdomoni, baba mwenye nyumba alipotoka na kuniuliza kama siku hizi nimehamia kazi ya jiji.