Karatasi ndefu, maneno machache: siku yangu na darasa la sita

Saa 11:00 alfajiri

Chai iko jikoni, nami namalizia kazi ya jana usiku: mkataba wa kuigizia darasani. Nimeuandika kwa wino mweusi kwenye karatasi ya manila niliyoipaka majani ya chai ili ionekane kuukuu. Mistari kumi na miwili, yote kwa Kihaya. Mimi ni mzaliwa wa Kagera, huu ni mwaka wa tisa nafundisha shule ya msingi huku Kilosa, na najua hakuna mtoto darasani kwangu anayeielewa lugha hiyo. Ndiyo maana nimeichagua.

Kwenye mfuko natia kanga mbili, kitenge, pakiti moja ya pipi na pedi ya wino wa muhuri. Kumbe andalio la somo bado halijajazwa. Nalijaza nikiwa nimesimama: "Mbinu: igizo dhima na majadiliano." Maneno matano tu, ila kuyaandaa kumenila wiki nzima.

Saa 1:00 asubuhi

Niko zamu. Namba, yaani maeneo ya usafi waliyogawiwa wanafunzi, zinafagiliwa, bendera inapanda, wimbo wa taifa unaimbwa, wachelewaji wanaandikwa. "Shikamoo mwalimu" mara mia mbili, na kila moja inastahili marahaba yake.

Saa 2:00 asubuhi

Hisabati, darasa la tatu. Kona ya darasa ni duka: makopo matupu ya maziwa, sabuni ya kipande, nyanya za udongo walizofinyanga wenyewe. Pesa ni vizibo vya soda, kila kimoja shilingi mia. Kuna kijana ambaye daftari lake la kutoa limejaa mikasi, alama za kukosa. Leo namweka awe muuza duka. Mteja anakuja na vizibo kumi, anachukua bidhaa za shilingi 700. Muuza duka hakuangalia vidole wala ubao. Alisukuma vizibo vitatu mezani, akasema, "Chenji yako, mama, karibu tena."

Kumbe kutoa anajua, kilichokuwa kinamshinda ni namna tunavyoiandika hesabu hiyo. Nikamwita ubaoni, tukaandika pamoja kile alichokifanya dukani, huku kashikilia vizibo vyake mkononi.

Saa 4:30 asubuhi

Mapumziko yamekwisha, uji umenyweka. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80, Historia, darasa la sita. Wako 78. Madawati tumeyasogeza ukutani, katikati pamebaki uwanja.

Mada ni Chifu Mangungo wa Msovero, aliyesaini mkataba wa Wajerumani mwaka 1884 ulioitoa nchi yake. Kwetu huyu si mtu wa mbali: Msovero iko hapa hapa wilayani, wapo watoto wenye shangazi huko. Lakini jina lake wanalijua kama tusi. Mtu akiuza shamba kwa bei ya kutupa, anaambiwa amefanya kama Mangungo. Wakubwa wakigombana juu ya mikataba ya nchi, jina ni hilo hilo. Mwaka juzi nilifundisha mada hii kwa maelezo ya ubaoni, kisha nikauliza kwa nini alisaini. Karibu daftari zote zilirudi na jibu moja: kwa sababu alikuwa mjinga. Lile jibu liliniuma, kwa kuwa nilijua nimelipanda mwenyewe.

Leo Mangungo amekaa kwenye kiti changu, kitenge begani, wazee wanne pembeni yake. Wanafunzi wengine ni wanakijiji, na kazi yao ni kusikiliza na kuuliza. Wageni wanne nimewatoa nje na kuwanong'oneza karatasi inasema nini: sisi darasa la sita tunampa mgeni huyu mwembe wetu, uwanja wetu wa mpira na madawati yetu yote, leo na milele, na juu kabisa imeandikwa "Urafiki".

Mkalimani ni binti anayekaa dirishani, ambaye muhula huu sauti yake nimeisikia labda mara tatu. Naye nimemnong'oneza. Sikumwambia aseme nini.

Wageni wakaingia, wakagawa pipi. Kiongozi wao akasema maneno ya kubuni yasiyo na maana, kwa ukali na kujiamini. Mangungo akamgeukia mkalimani.

"Anasemaje?"

"Anasema anataka urafiki."

"Urafiki tu?"

Binti akanitazama. Nikainamisha macho. Hapo ndipo pagumu kuliko pote katika kufundisha kwa igizo: kunyamaza wakati mtoto anakuomba umwokoe. Mgeni akamwongezea pipi mbili kiganjani.

"Urafiki wa milele," akasema, kwa sauti iliyofika ukuta wa nyuma.

Ndipo mzee mmoja, kijana mdogo kuliko wenzake, aliyejifunga kanga hadi kifuani, akanyoosha mkono. "Mbona karatasi ni ndefu na maneno yake ni machache?"

Sikumfundisha hilo. Darasa zima likatulia. Mgeni akajikanyaga kidogo, akamwambia mkalimani, "Waambie hayo mengine ni salamu." Na Mangungo, mdomoni ana pipi, akaweka dole gumba kwenye wino.

Nikauchukua mkataba, nikausoma kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye mwembe pakalipuka. Na hasira yote ikamwangukia mkalimani.

Nikapiga makofi mara tatu, ishara yetu. Kila mwigizaji akavua vazi lake, akaliweka mezani na kusema: "Mimi si tena mgeni, mimi ni mwanafunzi wa la sita," na jina lake. Hili siliruki hata kengele ikikaribia. Miaka minne iliyopita niliigizisha msafara wa watumwa kwa kamba. Mtoto niliyemfunga aliitwa "mtumwa" uwanjani kwa wiki kadhaa, akaanza utoro. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wangu anayefungwa wala kupigwa kwenye igizo, na hakuna anayetoka darasani akiwa bado amevaa nafsi ya mtu mwingine.

Kisha tukakaa chini, na dakika 35 zilizobaki ndizo zilikuwa somo lenyewe. Niliwaambia kwamba Carl Peters, Mjerumani aliyeileta karatasi ile, alipopita huku mwishoni mwa 1884 alikuwa kijana wa miaka 28, na wenzake watatu. Kwa wiki chache tu walikusanya mikataba Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Karatasi ya Mangungo ilikuwa ya Kijerumani, ikiitwa ya urafiki wa milele, na ndani yake ikatoa nchi yote. Mkutano wa Berlin, ambako mataifa ya Ulaya yalijadili kugawana Afrika, ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akatoa hati ya ulinzi kwa kutegemea karatasi hizo.

"Kwa hiyo Mangungo alikuwa mjinga?" nikauliza.

Aliyekuwa kitini alisimama. "Mwalimu, mimi nilisaini na nimesoma hadi la sita."

Mwingine akasema kosa ni kutoisikiliza hoja ya mzee. Mwingine akasema hata kama wangeisikiliza, wageni wangerudi na bunduki. Wakabishana, nami nikaandika ubaoni hoja zao, si zangu. Binti wa dirishani akasema mwishoni, taratibu: "Sikudanganya. Nilisema kile cha juu tu."

Saa 6:40 mchana

Ofisini. Mwenzangu mmoja, mwalimu mzuri ninayemheshimu, ananiambia dakika 80 kwa mkataba mmoja ni anasa, silabasi haimsubiri mtu. Namwelewa, ana darasa la saba na mtihani wa taifa unamkodolea macho. Sifundishi kila mada kwa igizo, siwezi. Nachagua zile ambazo mtoto akizikariri anatoka na uongo.

Mimi mwenyewe niliokolewa na jukwaa. Sekondari nilikuwa kwenye klabu ya Tuseme, mpango ulioanzishwa mwaka 1996 na Profesa Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasichana tulitafuta wenyewe matatizo yanayotukwamisha, tukayachambua, kisha tukayaigiza mbele ya walimu na wazazi. Kitu nisichoweza kumwambia mkuu wa shule uso kwa uso, nilikisema nikiwa nimejifunga kanga ya mhusika, naye akakaa akasikiliza.

Saa 9:00 alasiri

Klabu ya maigizo chini ya mwembe. Tunaandaa onyesho la kikao cha wazazi kuhusu mkulima na mfugaji, ugomvi ambao Kilosa umeshatuzikisha watu. Mtoto wa mfugaji anacheza mwenye mahindi, wa mkulima anachunga. Leo hatukuvuka sehemu ya pili, mvua ikatufukuza.

Saa 12:15 jioni

Hodi mlangoni. Ni binti wa dirishani na mama yake, miguu yote matope.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibuni ndani."

Mama amekunja uso kidogo. Anatoa kwenye mkoba karatasi za mkopo wa kikundi, kurasa nne. "Kesho asubuhi wanazifuata. Huyu kanikatalia kalamu, eti mpaka usome zote, siyo ya juu tu."

Nikawasha taa, tukakaa mkekani watatu. Nikampa binti ukurasa wa kwanza aanze kusoma kwa sauti.