Nilivyoichora Ghuba ya Boothia kwa msumari na waya wa kufungia nondo

"Mwalimu, piga picha ile ramani ya dunia ya ukutani, ikuze, uichore juu ya kitambaa. Jioni moja umemaliza." Ushauri huu nilipewa na watu kadhaa, wengine wao ni walimu wa Jiografia kama mimi, na ndio ulionipotezea kitambaa na muda. Nauandika hapa ili mwingine asiufuate.

Kazi yenyewe ilikuwa ya maonyesho ya masomo shuleni kwetu. Wenzangu walichukua Bonde la Ufa na Mto Rufiji. Mimi nilichagua Ghuba ya Boothia, kule Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, kwa sababu nimesoma habari zake miaka mingi na sijapata kuona ramani yake iliyoandikwa kwa Kiswahili. Ni bahari yenye umbo la gunia. Magharibi imezuiwa na Rasi ya Boothia, mashariki na Kisiwa cha Baffin pamoja na Rasi ya Melville, na chini kabisa inaishia Committee Bay. Mdomo wake uko kaskazini, Prince Regent Inlet. Ubavuni kuna matundu mawili tu: Bellot Strait upande wa magharibi, juu, na Fury and Hecla Strait upande wa mashariki. Barafu nzito inashuka kutoka kaskazini na kuingia, halafu haina pa kutokea. Ndiyo maana hata Agosti, bahari nyingine za Aktiki zinapofunguka, hii inaweza kuwa imejaa bado.

Nilikikuza kile kipande cha ukutani, nikakichora kwenye kitambaa cha marekani, nikatia wino. Kwa macho kilipendeza. Kisha nikachukua rula kupima safari za wavumbuzi wa karne ya 19. John Ross na watu wake walitembea kutoka kwenye meli yao hadi ufukwe wa Fury Beach, karibu na latitudo 73. John Rae naye aliizunguka Committee Bay, chini ya latitudo 69. Rula moja, majibu hayafanani kabisa na vitabu. Ramani yetu ya ukutani imechorwa kwa mtindo uitwao Mercator, na Mercator inavuta kila kitu kadiri unavyokwenda kaskazini. Kwenye latitudo 66 imevuta karibu mara mbili na nusu, kwenye 74 imevuta zaidi ya mara tatu na nusu. Maana yake sentimita ya juu ya kitambaa si ile ya chini. Ukiikuza picha hiyo, unaukuza na upotofu wake. Kwa kuchora Tanzania hutaona tofauti, na nadhani ndiyo maana walionishauri hawakuwahi kukwama. Kwa Aktiki ushauri huo haufai hata kidogo.

Njia iliyo sahihi ni kuanzia Ncha ya Kaskazini yenyewe. Unapigilia msumari mahali pa ncha, kila latitudo inakuwa mviringo kuuzunguka, kila longitudo inakuwa mstari mnyoofu unaotoka hapo. Niliamua digrii moja ya latitudo, yaani kilometa 111 hivi, iwe sentimita 15. Nilitaka kuonyesha kuanzia latitudo 66 hadi 74. Sasa piga hesabu: latitudo 74 iko digrii 16 kutoka kwenye ncha, sentimita 240. Latitudo 66 iko digrii 24, sentimita 360. Kwa hiyo msumari unakaa mita mbili na kitu nje ya kitambaa. Hakuna meza ya namna hiyo, na sakafu ya saruji haipigiliwi msumari. Nikahamia bwaloni baada ya chakula cha usiku, nikapigilia msumari kwenye ubao, ubao nikaugandamiza kwa matofali, kitambaa nikakitandaza mbele yake na kukibana pembe zote.

Nikaanza na uzi wa waashi. Mviringo wa kwanza ukatoka vizuri, wa pili ukakutana na wa kwanza upande mmoja. Fundi aliyekuwa anamalizia darasa jipya alisimama mlangoni akitazama, akasema, "Mwalimu, uzi huo unavutika. Ukiukaza zaidi upande huu na kuulegeza ule, umeshaongeza sentimita. Chukua waya wa kufungia nondo." Akanikatia kipande, na pesa alikataa. Waya ule haujavutika mpaka leo. Ila una tabia yake: ukiufunga kwa nguvu kwenye msumari unajizungushia pale pale na kufupika kila unapotembea. Dawa ni kitanzi kipana kinachozunguka msumari bila kuushika. Kalamu nayo uishike wima. Ukiilaza tu, mstari unahama upana wa punje ya mchele, na kwa kipimo changu hiyo ni zaidi ya kilometa moja.

Longitudo ndizo nilizozifurahia zaidi. Wengi wangechukua protrakta na kuiweka kwenye msumari. Usifanye hivyo: kosa dogo pale, likifika umbali wa mita tatu, ni kubwa mno. Mimi nilipima kwenye mviringo wenyewe. Latitudo 70 iko digrii 20 kutoka nchani, sentimita 300 kutoka msumarini. Ukichukua mzingo wa duara hilo ukaugawa kwa 360, kila digrii ya longitudo inapata sentimita 5.24. Nikaazima futi ya fundi cherehani, ile ya kujikunja, nikailaza juu ya mviringo wa 70 nikiweka alama kila sentimita 5.24, kushoto na kulia ya longitudo 88 magharibi niliyoiweka katikati. Kisha nikanyoosha waya kutoka msumarini kupita kila alama, na longitudo zikajipanga zenyewe. Unataka kujua kama umepatia? Pima kwenye 66: lazima nafasi iwe karibu sentimita 6.3. Kwenye 74 iwe karibu 4.2. Zangu zilikubali zote. Nilimwita mlinzi wa usiku aje ashuhudie, maana nilihitaji mtu wa kumwonyesha.

Na hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa macho kwamba digrii moja ya longitudo, ambayo kwenye ikweta ni kilometa 111, kule Boothia ni 38 tu.

Mahali penyewe nilipata kwenye orodha ya majina ya kijiografia ya serikali ya Kanada, iko wazi mtandaoni, kila jina lina latitudo na longitudo yake. Angalia dakika zisikuchanganye: 69 na dakika 30 ni 69.5, si 69.3. Gharama sikuiandika. Kitambaa, wino na kalamu za bango havikufika elfu hamsini, na nusu yake ilikwenda kwenye kile kitambaa cha kwanza.

Baada ya pwani nikaziweka safari, kila moja na uzi wa rangi yake, umeshikwa kwa mishono midogo. Hapa kipimo kikaanza kulipa.

Uzi wa Ross ndio unaowasimamisha watu. Aliingia mwaka 1829 na meli Victory, kwa fedha za Felix Booth, tajiri wa kutengeneza pombe ya jin, ndiyo asili ya jina Boothia. Meli ilikuwa na injini ya mvuke iliyowasumbua kiasi kwamba waliing'oa na kuitupa ufukweni. Wakatia nanga Felix Harbour, karibu na latitudo 70 na longitudo 92, barafu ikawafunga. Kiangazi cha 1830 walisogea maili chache wakafungwa tena. Kiangazi cha 1831, maili chache nyingine. Kwenye kitambaa changu miaka hiyo yote haizidi upana wa vidole vitatu. Mei 1832 wakaiacha meli, wakatembea juu ya barafu hadi Fury Beach, mahali ambapo meli Fury ya mvumbuzi mwingine, Edward Parry, iliharibiwa na barafu mwaka 1825 na chakula chake kikaachwa ufukweni. Chakula hicho ndicho kilichowaokoa. Walikaa huko baridi ya nne, na Agosti 1833 wakaokolewa na meli Isabella, ambayo Ross mwenyewe aliiongoza mwaka 1818.

Nilimshonea uzi pia mpwa wake, James Clark Ross, aliyetembea kuvuka rasi hadi pwani ya magharibi na kufika kwenye ncha ya sumaku ya kaskazini tarehe 1 Juni 1831. Sindano yake ya sumaku ilikuwa karibu imesimama wima. Dira ya kawaida eneo hilo wakati huo haikufaa kitu, na hilo nalo lieleze kwa wanafunzi kabla hawajauliza kwa nini wavumbuzi "hawakufuata dira tu".

Lakini nyuzi nilizozishona kwanza, nene kuliko zote, ni za Wainuit, wenyeji wa Aktiki. Januari 1830 walifika kwenye Victory, na mmoja wao, Ikmallik, akachora ndani ya meli pwani ya ghuba kwenda kusini, akawaonyesha Waingereza kwamba huko chini hakuna njia ya kutokea. Miaka minane kabla, mwanamke aitwaye Iligliuk alimchorea Parry pwani ambayo Parry alikuwa hajaiona, na kwa kuifuata Parry akaufikia mlango wa bahari alioupa majina ya meli zake, Fury na Hecla. Aliukuta umeganda, hakuupita. Mwaka 1847 Rae alivuka shingo ya nchi kutoka Repulse Bay, akatembea pwani zote mbili za Committee Bay akilala katika nyumba za theluji, akathibitisha kwamba chini kumefungwa. Yaani alithibitisha alichokichora Ikmallik miaka 17 nyuma. Mtu akiniambia kwamba ghuba hii "iligunduliwa" na Ross, namwonyesha rangi ya uzi wa kwanza, na hapo sina mzaha.

Bellot Strait ilinipa shida kwa sababu ni nyembamba mno. Nimeichora kwa sindano. Ross aliupita mdomo wake mwaka 1829 akidhani ni hori tu. William Kennedy na Mfaransa Joseph René Bellot ndio waliotambua mwaka 1852 kwamba inapenya. Ukingo wake wa kusini ndio ncha ya kaskazini kabisa ya bara la Amerika, karibu na latitudo 72. Usiruke sehemu hiyo kwa sababu ya udogo.

Kina cha maji sikukitia. Mmoja wa wageni alinilaumu kwamba bahari nimeiacha nyeupe, akataka niipake buluu nzito katikati na nyepesi pembeni "ili ipendeze". Nilikataa. Agosti 2018 meli ya watalii Akademik Ioffe ilipanda mwamba magharibi mwa ghuba hii, si mbali na kijiji cha Kugaaruk, mahali ambapo chini ya bahari palikuwa hapajapimwa sawasawa kwa vifaa vya kisasa, na abiria wakahamishiwa meli nyingine. Kama chati za mabaharia bado zina mapengo, mimi sitabuni kina kwa brashi. Nilichoongeza ni duara jekundu pale meli ilipokwama.

Kitambaa sasa kiko kwenye ukuta wa darasa la Kidato cha Tatu, kimepigiliwa juu na chini ili kisipeperuke. Msumari, ubao na waya nimevitunza vilevile, na jirani wa mashariki wa ghuba hii, bahari ya Foxe Basin, anaingia kwenye kipimo hichohicho cha sentimita 15. Atakayetaka kusaidia kushika waya, tunaanza likizo ya Desemba, bwaloni, saa mbili usiku.