Vijiko vitatu

Mtoto wa kaka yangu ana intavyu kesho. Tangu magharibi anapiga pasi shati lile lile, na kila akiligeuza ananitupia swali. "Shangazi, wewe walikuuliza nini?" Nikamsimulia la lori. Siku zote husimulia la lori.

Mwaka 2008 hiyo. Nafasi ilikuwa ya meneja mwanagenzi huko Shimanzi, Mombasa, kwenye maghala ambako chai ya Kericho, ya Uganda, hata ya Rwanda, hulala ikisubiri mnada. Jina la kampuni tuliache. Nilivuka feri alfajiri, nimebanwa kati ya baiskeli na mtu na kuku wake, bahasha ya vyeti nimeiinua juu ya kichwa. Tulikuwa kumi na mmoja. Kabla hatujaanza kuitwa, mama mmoja wa miwani alitoka akatutangazia: mwenye mtu wake humu aseme mapema, kazi hii si ya kujuana. Hakuna aliyesema. Mimi pia sikusema.

Ndani walikuwa watatu. "Lori limeingia. Hati inasema mifuko 400, vijana wako wamehesabu 398. Dereva ana haraka, anataka sahihi. Utafanyaje?"

Nikawaambia sitii sahihi. Kwanza natazama lakiri, ile sili ya mlango wa lori, kama ni nzima na nambari yake ndiyo iliyo kwenye hati. Kisha mzigo unahesabiwa upya, dereva amesimama pale pale. Ikibaki 398 naandika 398, na yeye atie sahihi yake kando ya yangu. Wakatazamana.

"Haya umeyajulia wapi?"

Mlango ukafunguliwa, Ami akaingia na sinia.

Si ndugu wa baba. Ni jirani yetu Likoni, ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekuwa akinishika mkono kunipeleka chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Lakiri, hati, mifuko inayopotea njiani, yote niliyapata barazani kwake, akisimulia visa vya ghalani kama ngano. Kwamba ni tarishi humo nilijua. Kwamba tarishi ndiye huleta chai, hilo halikunipitia akilini.

Akawamiminia wale watatu, bakuli la sukari akaliweka katikati wajitilie. Kikombe cha nne akakitia sukari mwenyewe. Kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Akakoroga, akagonga kijiko ukingoni mara mbili kama afanyavyo kwake, akakisogeza mbele yangu. Hakuniuliza. Macho yake yalikuwa kwenye sinia. Shikamoo ilikuwa imeshanipanda, iko hapa kooni, na kwetu mtu kama yule humpiti kimya.

Mama wa miwani akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Mnajuana?"

"Hapana."

"Karibu chai, madam," Ami akasema, akatoka, akaurudisha mlango polepole.

Niliinywa yote. Sikumbuki waliniuliza nini tena.

Kazi nilipata. Jioni ile ile nilimkuta barazani, nikamwamkia, akaitikia marahaba kama jana yake, akanisogezea mkeka. Kazini akabaki kuniita madam mpaka alipostaafu, hata tukiwa wawili tu kwenye ngazi. Kuna siku naamini alikuwa akinisitiri, alishaelewa kabla mimi sijafungua mdomo. Kuna siku nalisikia lile "madam" na masikio yananipata moto. Kumuuliza nilishindwa, na sasa hayupo wa kuulizwa.

"Kwa hivyo ni hilo la lori tu?" mtoto akauliza.

"Na jingine moja."

"Lipi?"

"Inua pasi, unaunguza kola."