Kuchora Mandhari kwa Rangi za Maji Mikono Inapouma

Tangu maumivu kwenye shina la kidole gumba cha mkono wa kulia yaanze kuninyima utulivu, nimebadilisha karibu kila kitu katika uchoraji wangu wa mandhari, kuanzia vifaa hadi mpangilio wa picha yenyewe. Rangi za maji sijaziacha, wala sina nia ya kuziacha. Ninawaandikia wachoraji wenzangu ambao mikono yao imeanza kuuma, na ambao pengine wamekwisha kushauriwa, kwa nia njema kabisa, watafute shughuli nyingine ya kuwaburudisha.

Kabla ya yote ni muhimu kumwona daktari, kwa sababu maumivu ya mikono yana vyanzo vingi na kila chanzo kina tiba yake. Mimi gegedu, yaani tishu nyororo inayozuia mifupa kusuguana, la kiungo cha chini ya kidole gumba limelika, hali inayowapata watu wengi kadiri umri unavyosonga, na wanawake zaidi ya wanaume. Mtu mwingine atahisi ganzi na kuchomwachomwa kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, hasa usiku, na aghalabu hiyo huwa dalili ya neva inayobanwa inapopita kwenye kifundo cha mkono. Ikiachwa muda mrefu, misuli ya kidole gumba inaweza kudhoofika. Mwingine ana baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe, mikono yote miwili ikavimba na kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, naye anahitaji dawa mapema, kabla viungo havijaharibika. Haya ninayoyaeleza yamenisaidia mimi, lakini hayachukui nafasi ya matibabu.

Kinachokiumiza zaidi kiungo changu ni kubana. Nguvu kidogo tunayoitumia kwenye ncha za vidole hufika kwenye shina la kidole gumba ikiwa imezidishwa mara nyingi, na kadiri kitu kinavyokuwa chembamba ndivyo tunavyokibana kwa nguvu bila kujijua. Brashi ya kuchorea vitu vidogo ina mpini mwembamba kuliko penseli, na mchoraji anayehangaika na matawi madogo huibana kwa muda mrefu pasipo kuiachia. Kwa hiyo mipini ya brashi zangu zote nimeivalisha sponji nyepesi ya bomba, ile inayofunikwa kwenye mabomba ya maji, ikawa minene kiasi cha kujaza kiganja. Sponji ni bora kuliko kitambaa kilichozungushwa mara nyingi, kwa sababu brashi hubaki nyepesi. Mpini naushika mbali na nywele, nikiulaza kati ya kidole cha shahada na cha kati, huku kidole gumba kikiegemea tu bila kukaza.

Ushauri ambao watu hutoa kwa haraka ni kuchora picha ndogo zaidi. Mimi siukubali. Karatasi ndogo hulazimisha vidole kufanya kazi yote, ilhali karatasi ya wastani au kubwa humruhusu mchoraji asimame, aachie kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, na asogeze mkono mzima kuanzia begani. Bega lina misuli mikubwa na halichoki upesi. Ni kweli kwamba mistari haitakuwa na unadhifu ule wa zamani, lakini mandhari ina vitu vichache sana vinavyodai unadhifu huo, na vingi vyavyo vimejengwa na binadamu.

Anga ndipo nilipoona faida kubwa zaidi. Ubao nauinua upande wa juu kwa kuuwekea kitabu kinene, karatasi ikiteremka kidogo kuelekea kwangu, kisha naijaza brashi nene rangi ya samawati iliyolainishwa kwa maji mengi na kuivuta kwa mlalo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwenye ukingo wa chini wa mpako hujikusanya mstari wa maji yaliyotuna, yanayong'aa, yakiwa tayari kushuka. Mpako unaofuata huyagusa maji hayo kwa ncha tu na kuyateremsha, kisha mwingine, kila mmoja ukiwa na maji zaidi na rangi kidogo kuliko uliotangulia, hadi rangi ipauke kabisa karibu na upeo wa macho. Kazi ya kusambaza rangi hufanywa na maji na mteremko. Mkono huongoza tu, na kwa kuwa brashi nene hubeba maji mengi, safari za kuichovya hupungua.

Miti ilinisumbua zaidi, kwa sababu niliipenda kwa majani yake. Sasa hutumia karatasi yenye uso mkwaruzo na brashi bapa iliyokaushwa kidogo kwa kitambaa, nikaiburuta kwa ubavu wake juu ya karatasi. Rangi hushika kwenye vinundu na kuruka mabonde, na weupe unaobaki hugeuka mwanga unaopenya kati ya majani. Mashina na nyasi nazikwangua kwa ukingo wa kadi ya zamani ya plastiki, niliyoishika kwa kiganja kizima. Hapa wakati ndio kila kitu: rangi ikiwa bado imelowa sana hukimbilia ndani ya mkwaruzo na kuacha mstari mweusi, ikikauka kabisa haisogei, lakini mng'ao unapotoweka na unyevu ukiwa bado umo, kadi huisukuma pembeni na kuacha mstari mweupe safi.

Maumivu mengine hutokana na mambo yasiyohusiana na uchoraji wenyewe. Vifuniko vya tyubu za rangi hugandamana, na kuvizungusha kwa vidole ni mateso, kwa hiyo navifungua kwa koleo, nakamua tyubu yote kwa kuigandamiza juu ya meza kwa kisigino cha kiganja, na kuiacha rangi ikauke katika vishimo vya paleti, kibao cha kuchanganyia rangi. Dakika chache kabla ya kuanza nadondoshea matone ya maji juu yake ili ilainike yenyewe, kwani kuisugua kwa brashi ni kubana kulekule. Karatasi hununua zile zilizounganishwa kwa gundi pembezoni zikawa kama bunda, zenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, na hivyo sihangaiki tena kuloweka na kuvuta karatasi juu ya ubao ili isijikunje. Chupa ya kunyunyizia maji nimeacha kuitumia, kwani kuibonyeza nako ni kubana.

Mpako unapokauka nami hupumzisha mikono, nikiifungua na kuifunga taratibu katika maji ya uvuguvugu, na sitafuti kifaa cha kuharakisha ukaukaji. Katika hili rangi za maji humfaa mgonjwa kuliko aina nyingi za uchoraji, kwa kuwa kungoja ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mimi hutiwa moyo na Pierre-Auguste Renoir, mchoraji Mfaransa aliyeishi na baridi yabisi kwa zaidi ya miaka 20 hadi alipofariki mwaka 1919, vidole vyake vikiwa vimepinda kiasi cha kuhitaji kuwekewa brashi mkononi, na bado aliendelea kuchora. Raoul Dufy, mchoraji mwingine Mfaransa ambaye rangi za maji zilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake, alisafiri hadi Boston, Marekani, mwaka 1950 kutibiwa ugonjwa huohuo kwa dawa ya kotisoni iliyokuwa mpya wakati huo, akarudi kwenye uchoraji. Sijilinganishi nao kwa kipaji. Ninachokitazama kwao ni kwamba walibadilisha mazingira ya kazi ili yaufuate mwili.

Nimepoteza vitu, na ninavikumbuka kwa uchungu: kamba za mashua, nyua za miti, madirisha ya mbali. Sasa huchagua vilima vilivyofunikwa na ukungu, mito mipana na mawingu ya mvua, na kabla ya kugusa maji huamua maeneo matatu tu ya mwanga, kivuli na giza, kwa sababu kila mpako usio wa lazima hulipiwa jioni kwa maumivu. Siku ambazo mkono wa kulia umevimba huupumzisha kabisa, na anga huipaka kwa mkono wa kushoto, ambao hauwezi kuchora tawi lakini unateremsha maji vizuri na kwa usawa.