"Na nisipokufa?"

Muuguzi ameondoka sasa hivi. Bado niko jikoni na makaratasi yake mkononi.

Baba mkwe anaumwa saratani, na hapa Marekani wazee wa umri wake wanatibiwa kwa Medicare, bima ya serikali. Leo kaelezwa mpango wa hospisi, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa anayekaribia mwisho. Madaktari wawili wathibitishe kwamba, ugonjwa ukienda mwendo wake, amebakiza miezi 6 au pungufu. Akisaini, bima inalipia muuguzi wa kuja nyumbani, dawa za maumivu, kitanda, oksijeni.

Kemo (tiba ya dawa za saratani) ya kutafuta kupona, basi tena.

Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la kikoi. "Na nisipokufa?"

Mume wangu akainamia simu yake. Muuguzi wala hakubabaika: daktari anathibitisha upya na huduma inaendelea, vipindi 2 vya siku 90, kisha vya siku 60 bila kikomo. Na mgonjwa akibadili mawazo anajitoa, anarudi kwenye matibabu.

"Kumbe ruksa kuchelewa," mzee akasema. Akaagiza chai. (Sukari vijiko vitatu, nani wa kumkataza?)

Kinachoniumiza kichwa mimi ni usiku. Bima hailipii mtu wa kukesha naye kila siku. Muuguzi anakuja, anaondoka, na sisi sote tuna zamu kazini.

Hajasaini. Anasubiri kwanza kuongea na mwanawe mkubwa aliyeko Dodoma.

Jamani, mliouguza wazazi huku, usiku mlijipangaje?